Kikao Chini ya Mwamba

Zamani, wanyama walipoanza kuajiriana kupitia mawakala, Korongo alimpeleka Nguchiro kuvunja mawe katika machimbo ya Kiboko. Nguchiro aliipenda kazi, lakini alikipenda zaidi kichwa chake, hivyo akaomba kofia ngumu.

"Kamwombe mwenye machimbo," alisema Korongo. "Mimi nakutafutia kazi tu."

"Kamwombe wakala wako," alisema Kiboko. "Wewe si mtu wangu. Na usipoanza kesho, nafasi imekwenda."

Nguchiro hakugombana. Asubuhi aliwaalika wote wawili wakae waamue jukumu ni la nani, akawapangia viti mahali pake pa kazi, chini ya mwamba uliopasuka. Ubishi uliponoga, kokoto zikaanza kuwadondokea. Kiboko akajaribu kujificha chini ya bawa la Korongo.

"Wewe, mbona umetuweka hapa?" alifoka.

"Ndipo mliponipanga, mabosi wangu. Endeleeni tu na kikao, mimi nawasubiri pale nje."

"Kofia zinunuliwe!" walipaza sauti kwa pamoja.

"Na nani?"

"Na sisi sote wawili!"

Siku hiyo hiyo mwamba uliangushwa, kisha kofia zikaletwa. Wa kwanza kuzivaa walikuwa Kiboko na Korongo; Nguchiro akavaa ya tatu, akaingia kazini akipiga mluzi.