Godoro la Bi Mwantumu

Msellem alimwingiza mama yake dukani taratibu, akimshika mkono. Maradhi yalikuwa yamemkondesha Bi Mwantumu hata akawa mwepesi kama mtoto. Kwa miaka mingi alikuwa amelalamikia godoro lake la sufi lililojaa mabonge, na Msellem kila mara alimjibu, "Vumilia kidogo, mama."

Muuzaji alibonyeza godoro nene la sponji kwa kiganja, likainuka palepale.

"Hili halifanyi shimo katikati," alisema. "Litadumu miaka kumi."

"Tunalichukua," Msellem alisema haraka.

Mama yake alitabasamu. "Miaka kumi ya nini, mwanangu? Nitafutie laini."

Msellem alimlaza juu ya godoro laini lililokuwa karibu na mlango, akamvua kandambili. Bi Mwantumu alijinyoosha, akashusha pumzi ndefu.

"Linakufaa, mama?"

Usingizi ulikuwa umeshamchukua, anakoroma polepole. Muuzaji alitaka kumwamsha, lakini Msellem akamzuia. Akaketi sakafuni, akaushika wayo wa mama yake, huku wateja wakipita kando yao kwa kunyata.