Dunia Mbili, Kiti Kimoja

Kosa lilikuwa letu, sisi wachezaji. Kwa wiki sita tuliyasikiliza maswali waliyoulizana mashemeji wale wawili, tukayahesabu kuwa mashambulizi, wala hatukujiuliza mtu huuliza maswali ya namna ile kwa haja gani.

Mchezo wenyewe huchezwa mezani na hauna mshindi. Kila mchezaji hujitungia shujaa mmoja na kusema shujaa huyo anafanya nini, dadu huamua kama amefaulu, na mtu mmoja, msimulizi, hubeba yote yaliyobaki, kuanzia mvua hadi majoka. Mpima ardhi alikuwa msimulizi wa Jangwa la Shaba, dunia ya misafara na ya miungu wasiosahau kiapo. Shemeji yake, mfamasia, alisimulia Nchi ya Ukungu, visiwa ambako kila uchawi humnyang'anya mchawi kumbukumbu moja. Dunia zote mbili zilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na zote mbili zilikuwa zinakata roho. Watu walihama, walioa, walichoka. Kila upande ulibakiwa na wachezaji wawili, na mchezo wa wawili ni mazungumzo tu.

Ndipo fundi cherehani, mke wa mpima ardhi na dada wa mfamasia, alipozitandaza ramani mbili juu ya meza yake ya kukatia nguo na kuzibana pamoja kwa pini.

"Ziunganisheni," alisema. "Vitambaa viwili vifupi hutoa gauni moja. Lakini msimulizi atakuwa mmoja. Na msipopatana kufikia Jumamosi ya sita, nazikunja zote mbili, meza irudi kazini. Nina sare za shule nzima zinaningoja."

Hapo vita vikaanza.

"Dunia yangu ina miezi miwili," alisema mfamasia. "Yako ina mmoja. Huo wa pili, ukivuka mpaka, unakwenda wapi?"

"Unajificha nyuma ya milima, shemeji, kwa kuchoka kukuona wewe."

Wiki ya pili walipatana kuhusu miezi, wiki ya tatu kuhusu kalenda. Kilichobaki ni kiti cha msimulizi, na hicho hakuna aliyethubutu kukitaja. Badala yake walichunguzana. Mpima ardhi, mtu asiyevumilia hata ua wa jirani ukipinda, alitaka kujua kila kijia cha Ukungu.

"Mkata kuni asiyejua uchawi," aliuliza, "anaweza kuishi kando ya mto wako bila kusumbuliwa?"

"Inategemea. Anaogopa vyura?"

"Sana."

"Basi atakiona cha moto."

Mpima ardhi aliandika jambo, akalifunika kwa kiwiko. Mfamasia naye hakuachwa nyuma. Alitaka kujua kama mwendesha ngamia wa Jangwani huruhusiwa kuimba mbele ya mahekalu, na kama ngamia mwenye makengeza huchekwa au huheshimiwa. Mwalimu wa hesabu, mchezaji mwenzangu wa upande wa Ukungu, alininong'oneza, "Anatafuta ufa wa kupenyezea jeshi." Nilikubali kwa kichwa. Kwa macho yetu, kila mmoja aliisoma dunia ya mwenzake kama mwizi anavyoisoma nyumba.

Ilipofika Jumamosi ya sita, walikuwa wameacha kuitana "shemeji". Waliitana "bwana".

"Muda umekwisha," alisema fundi. "Nani msimulizi?"

Fundi akachomoa pini ya kwanza. Ramani zikaachana kidogo, na mwalimu akashusha pumzi kama mtu anayeaga msiba. Fundi akachomoa ya pili.

"Dadu!" alisema mpima ardhi kwa haraka. "Mwenye namba kubwa achukue kiti."

Mfamasia alirusha kwanza dadu ya pande ishirini. Nne. Sisi wa Ukungu tukainamisha vichwa. Mpima ardhi akarusha yake. Kumi na tisa.

Mshindi alikunja uso kama aliyeng'atwa na siafu.

"Imegonga mkasi," alisema. "Narudia."

"Haikugusa kitu, bwana," alisema mfamasia, naye uso unamng'aa. "Haki ni haki. Kiti chako hicho, hongera."

"Nimesema narudia."

Akarudia. Mbili. Alicheka kwa sauti, na kicheko kile kikamfuta shemeji yake tabasamu lote.

"Ya pili haihesabiwi!" mfamasia alifoka. "Tangu lini dadu ikarushwa mara mbili? Jangwani kwenu hakuna sheria?"

Mwalimu wa hesabu aliiokota dadu, akaigeuzageuza.

Fundi cherehani aliziweka pini mezani. Alimtazama mumewe, akamtazama kaka yake, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayepima kiuno cha mteja mwenye haya:

"Anayekitaka kiti hiki anyooshe mkono."

Tulingoja. Hakuna mkono ulioinuka.

"Miaka kumi na mmoja, dada," alisema mfamasia polepole, "nimekuwa wafalme, nimekuwa majoka, nimekuwa kila mwenye nyumba ya wageni. Sijawahi kuwa mtu mmoja."

"Wala mimi, shemeji," alisema mpima ardhi.

Tangu Jumamosi iliyofuata, fundi cherehani ndiye anayesimulia, na wachezaji mezani ni sita, miongoni mwao mkata kuni anayeogopa vyura na mwendesha ngamia mwenye makengeza.