Kanyagio la Fundi Mbwera

Mabegi ya Zuhena yalikuwa yameshapakiwa kwenye teksi na dereva alikuwa anapiga honi, lakini baba yake, Fundi Mbwera, hakubanduka kitini. Alikuwa amemwahidi binti yake kwamba kabla hajahamia ng'ambo watapaa pamoja, japo mara moja, kwa ile ndege ya kompyuta waliyoiunda sebuleni. Usukani ulisomeka vizuri kwenye skrini. Kanyagio, alilolifungua kwenye cherehani yake ya zamani, kompyuta haikuliona kabisa.

"Baba, basi tena. Nitachelewa."

"Subiri, mama! Waya huu mzima!"

Zuhena akamtazama miguu, akaangua kicheko. "Baba we! Unakanyaga taratibu kama unashona shela la bibi harusi! Kompyuta inalipima kwanza; itajuaje linapoishia? Kandamiza mpaka mwisho, mbele na nyuma!"

Fundi akakandamiza kwa nguvu zake zote. Mstari wa kijani ukaruka kwenye skrini.

"Limeonekana! Limeonekana!" Akamvuta binti yake kwenye kiti cha pili kando yake, na uwanja wa ndege ukaanza kukimbia chini yao.

Zuhena aliwahi safari yake kwa bahati tu, akaolewa huko huko. Dereva bado anaendesha teksi. Fundi anashona mpaka leo, na pale mbele ya skrini viti bado ni viwili.