Magoti ya Msanifu

Siku ya tatu hiyo Mukuna akiyatazama magoti ya yule mgeni, na magoti yalikuwa safi.

Mgeni aliitwa Dimitri, msanifu majengo. Alitoka Lubumbashi na suti ya buluu, shati jeupe, tai nyembamba, viatu vya ncha kali na kalamu tatu kifuani. Parokia moja ya Manika, mjini Kolwezi, ilimwita achore na kusimamia madarasa mapya ya shule yake. Abigaëlle, mjukuu wa Mukuna, angesomea humo, chini ya dari la huyo Dimitri.

Watu walimpenda tangu aliposhuka garini. Mama Micheline, mkuu wa kamati ya wazazi, alisema, "Huyu njo architecte. Angalia tu namna anavaa!"

Mukuna aliangalia namna anavaa. Shida ilianzia hapo.

Alikuwa amekaa miaka thelathini na moja na wasanifu majengo wa migodini, tangu enzi ya abacost, lile koti lisilotaka tai, mpaka tai ziliporudi shingoni. Aliona suruali zikipanuka chini, zikabana, zikapanuka tena. Aliona kola ndefu kama masikio ya sungura. Mitindo ilipita, lakini mkono wa kulia wa shati la msanifu haukukosa weusi wa penseli, weusi mbishi usiosikia sabuni ya kawaida. Mfuko wake ulilegea kwa uzito wa mita. Na siku ya kiwanja kipya, suruali ilirudi na udongo mwekundu magotini, maana msanifu alipiga magoti, akaigonga ardhi, akaisikiliza. Kolwezi hii usipoisikiliza ardhi itakumeza. Wachimbaji wamepita chini ya nyumba za watu kama panya.

Shati la Dimitri lilikuwa jeupe pee. Mkunjo wa pasi magotini ulikuwa bado umesimama kama wembe.

"Mama, huyu mutu hajapiga magoti hata mara moya," Mukuna alimnong'oneza Micheline.

Micheline akacheka, vidole vikibonyeza kompyuta ya hewani. "Tata Mukuna, na wewe! Tuliita architecte ao katekista? Siku hizi banachora na ordinateur."

"Na udongo? Ordinateur njo itapiga magoti?"

"Wivu ya bazee hiyo," akadakia Kalumba, mkubwa wa mafundi. "Tata eko naona kazi yake ya zamani imepata mutu mupya!"

Mafundi wakacheka mpaka wakaegemea majembe. Mukuna alijua kwamba akikosea, atakuwa amemtukana mgeni wa parokia mbele ya watu, na Jumapili hatakuwa na pa kuuweka uso wake. Lakini kwenye mfereji wa msingi zege lilikuwa tayari, na Dimitri alikuwa ameinua mkono kusema mwageni.

Mukuna akaenda kusimama mbele ya toroli.

"Bwana Dimitri, udongo ya kona ile uliangalia?"

"Papa, udongo ni udongo."

"Basi Kalumba achome mutaimbo pale. Mara tatu tu. Kama ni uongo yangu, mutanifukuza hapa."

"Tunapoteza wakati," Dimitri akasema, akitazama saa, kisha akamtazama mama Micheline. Mama Micheline hakuwa akicheka tena.

"Choma, Kalumba," Micheline akaamuru.

Kalumba akachoma mara moja, akachoma tena. Mara ya tatu mtaimbo ukazama wote, ukamponyoka mikononi, wakausikia ukigonga jiwe huko chini, mbali. Udongo ukaufuata. Likabaki tundu la upana wa sufuria, likitoa ubaridi.

Walipogeuka, suti ya buluu ilikuwa imeshapanda pikipiki ya taxi-moto, tai ikipepea begani.

Kalumba akavua kofia. "Tata, unisamehe. Tungezika batoto hapa."

Mama Micheline alilifungua daftari la kamati kwenye ukurasa mweupe, akampa Mukuna penseli kwa mikono miwili, namna mtu anavyompa askofu kitu.

"Utuchoree wewe, tata. Tutajenga fasi ingine, karibu ya kanisa. Mutu ya miaka makumi tatu na moya na ba-architecte, tulienda kutafuta nini Lubumbashi?"

Mafundi walikuwa wamekwisha kumwekea ubao wa kukalia. Mukuna akakaa. Akaizungusha penseli vidoleni, akazitazama nyuso zile zote, hakuna hata moja iliyomcheka sasa.

"Mama," akasema, "mi siyui kuchora hata mulango. Mi njo nilikuwa nabafulia manguo."