Adui wa Mlango wa Salha

Tangu makaburi yapigwe marufuku, kila marehemu hujengewa nyumba ndani ya mchezo wa zamani wa kompyuta wa kupigana bunduki, na nduguze humzuru humo.

Bi Tunu alipomaliza kuchora nyumba ya bintiye Salha, kompyuta iligoma.

“Ramani bila adui haipokelewi, mama,” karani wa mchezo alimwambia. “Mgeni amuue kwanza, ndipo mlango ufunguke. Wengine huweka mawifi. Wewe mweke yule mume aliyemuua binti yako.”

Bi Tunu alikumbuka asubuhi ile Salha alipomjia na begi, uso umevimba, naye akamrudisha kwa mumewe: “Vumilia, mwanangu. Ndoa ndivyo ilivyo.”

Akamsimamisha adui mlangoni, akambandika picha ya uso wake yeye mwenyewe, Bi Tunu.

Karani aliitazama picha, kisha akamtazama yeye. “Aanguke kwa risasi ngapi?”

“Asife upesi,” alisema Bi Tunu.