Safari ya Kwenda Chumba cha Pili

Mama alikuwa mwanamume mwenye upara, amevaa chupi tu, na uzio wa kufika magotini ulikuwa umemshinda.

"Ruka," alisema mama mkwe wake kutoka kwenye kochi.

"Si naruka!"

"Unaruka palepale ulipo. Rudi nyuma, uje mbio, ndipo uruke."

Kwenye skrini, yule mwenye upara alirudi nyuma, akaja mbio, akajigonga kwenye uzio, akaanguka chali. Mama aliikaba pedi ya gemu kama shingo ya kuku. Maishani mwake alikwisha kuruka kuta za kweli, tena akiwa mjamzito.

Hakuwa anastarehe. Mwanawe, aliyemaliza chuo miaka miwili iliyopita na kulikalia kochi tangu hapo, alikuwa na usaili siku hiyo kwenye kiwanda cha ndoo, na nafasi ya msimamizi wa zamu haiji mara mbili. Mama alirudi kutoka kazini akakuta chumba cha kijana kimefungwa na ndani farasi wanalia. Alibisha. Aligonga kwa mchi. Mlango ulikuwa wa chuma. Aliuchomelea mumewe, fundi asiyejua kutengeneza kitu chepesi. Simu ya kijana nayo ilikuwa imezimwa.

"Akishazama kwenye gemu, hata nyumba iungue hasikii," mama mkwe alisema. "Mimi nimeamka nimekuta pamefungwa hivyohivyo. Mfuate humohumo ndani ya gemu, huko atakusikia. Saa hizi wote wako mnarani, juu ya mlima."

"Si uende wewe unayejua njia?"

"Nimefungiwa wiki nzima. Niliwatukana."

Ndipo mama akaikalia mashine ya sebuleni, akapewa mwili wa kuanzia, huo wa chupi, na kutupwa mwanzo wa dunia.

Uzio aliuzunguka. Baada yake kulikuwa na kijito. Mwenye upara alitia mguu, akafa.

"Maji yenyewe hayafiki hata kwenye vifundo!" mama alifoka.

"Hujanunua ujuzi wa kuogelea."

"Kuogelea! Kwenye maji ya kunawia miguu!"

Akafufuliwa kulekule mwanzo. Safari hii alipata farasi, lakini farasi alipenda zaidi kutazama mti. Akapata njia ya mkato msituni, pana na safi, mlima unaonekana ule pale. Hewa ikamzuia kama kioo, na maandishi yakatokea: *Huwezi kwenda huko.*

"Nani kasema?" mama alihoji. Akamuuliza njia muuza mkate.

"Karibu mgeni, jihadhari na mbwa mwitu," alisema muuza mkate.

Akamuuliza tena, kwa adabu zaidi.

"Karibu mgeni, jihadhari na mbwa mwitu."

"Huyu angepata cheo ofisini kwetu," mama alisema, akampita.

Mlima aliupanda kwa nguvu za hasira. Kila baada ya hatua chache mwenye upara alikaa chini kuhema. "Amka! Mimi nimezaa watatu sijahema hivyo!" Akateleza, akapanda tena, akanasa katikati ya mawe mawili, akawa anapiga miguu hewani mpaka mama mkwe alipomwambia ainame. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda mbio. Wakati wa usaili ulikuwa umeshapita.

Hatimaye mnara. Chini yake walisimama mashujaa wengi wenye panga, na katikati yao mmoja aliyeng'aa dhahabu toka utosini hadi vidoleni, mkono kiunoni, hafanyi lolote.

"Huyo!" mama mkwe alisema, huku akipapasa kochi kutafuta miwani yake. "Dhahabu yote hiyo, nani mwingine?"

Mama hakuhitaji kuambiwa. Mtu anayesimama hivyo bila kazi alimjua. Akasogeza mdomo kwenye maikrofoni.

"Wewe! Mtu mzima hovyo! Watu wamekaa wanakungoja, wewe umevaa bati unacheza mlimani? Nilikusomesha kwa jasho langu ili uje usimame hapa kama mnara wa simu? Vua hicho kitu kichwani, nawa uso, nenda kwenye usaili sasa hivi, kabla sijaja kukutoa humo kwa sikio!"

Shujaa mmoja aliangusha upanga. Mwingine akanong'ona, "Jamani, mama wa nani huyo?" Hakuna aliyengoja jibu. Walitoweka mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki yule wa dhahabu peke yake.

"Usaili!" Sauti ilitoka ikikwaruza, nyembamba. "Lo, nimesahau kabisa! Naenda, mama. Samahani, mama."

"Na ukifika uongee kama mtu mwenye akili."

"Ndiyo, mama. Tafadhali, baba asijue."

Akatoweka.

Mama aliweka pedi chini, akaenda kusimama mbele ya mlango wa chuma, mikono kifuani. Mlango haukufunguka. Ndani, farasi waliendelea kulia. Alisimama mpaka miguu ikafa ganzi, na alikuwa anatafuta namba ya mumewe, aje na mashine ya kukatia chuma, aliposikia mlango wa mbele unafunguliwa.

Kijana aliingia, tai shingoni, ufunguo wa chumba mkononi.

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Si kiwandani, mama? Tangu asubuhi. Wenzangu walichoka kungoja wakaondoka, nikabaki peke yangu kwenye benchi. Mara meneja huyo, kashuka ngazi mbio, uso umelowa maji, hata swali moja hakuniuliza. Kasema kazi nimepata, nianze kesho." Akainama kufungua kamba za viatu. "Ila kaniomba, mama yake akipiga simu kiwandani, nimwambie usaili ulianza kwa wakati."