Buluu ya Kampuni Moja

Vernon Gaddis aliegesha vani yake nyuma ya mgahawa wa kuku, akatoa magazeti na selotepu, akaanza kuziba maandishi milangoni. Alianza na jina lake, akamalizia na neno "Dramu". Mtu mzima wa miaka sitini na sita anaficha jina alilolichora kwa mkono wake mwenyewe, huku akichungulia kila upande utadhani mwizi wa mara ya kwanza.

Alikuwa ameendesha karibu saa nzima kutoka Dayton, akavuka mpaka wa Ohio hadi kijimji cha Indiana kisicho na bendi hata moja. Alikichagua kwa sababu hiyo hiyo. Kampuni kubwa ya kuuza ala za muziki ilikuwa na tawi pale, na hapakuwa na mtu wa kumtambua.

Kisa ni rangi. Kiwanda kilitoa seti ya dramu ya buluu mpya, nzito kama wino, kikaipa kampuni hiyo moja tu haki ya kuiuza. Mbao zile zile, vyuma vile vile, sauti ile ile. Ila ukitaka buluu, wenye maduka madogo kama Vernon hawana. Wao wabaki na nyeusi na nyekundu, wafute vumbi. Ndivyo maduka yalivyokufa moja moja, la mji wa Toledo, kisha la Akron, na wenyewe wakaambiwa huo ndio ushindani. Ushindani gani wa kumfunga mwenzako miguu kisha ukamwita mbioni?

Jumapili iliyopita, ibada ilipokwisha, Shemasi Alton Beasley alimshika bega. Alton ndiye mpiga dramu wa kwaya, na kanisa lake ndilo mteja mkubwa wa mwisho aliyebaki kwa Vernon.

"Ndugu Gaddis, kwaya imekubali. Tunataka ile buluu."

"Buluu?"

"Ndiyo, baba! Nasikia iko kwa wale wakubwa, lakini mimi kule siingii ng'o. Nimekulia dukani kwako. Utanipatia, hunipatii?"

Angesema ukweli pale pale. Lakini akilini alimwona Alton akiingia kule mara moja, akizoea, kesho akimchukua na mwenzake. Likitoka kanisa, duka halifiki Krismasi. Miaka thelathini na mmoja ya kazi yake ilisimama kwenye jibu moja.

"Wiki hii hii, shemasi," alisema.

Mkewe Lorraine aliposikia alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Kwa hiyo unakwenda kununua kwao, bei ya kila mtu, halafu umuuzie Alton?"

"Ndiyo."

"Na faida yako?"

"Faida yangu ni Alton."

"We Vernon! Umekuwa mpishi wa kuagiza chakula kwa jirani!"

Halafu kicheko kikamkatika. Akainuka kwenda kumtafutia magazeti ya zamani.

Maegesho ya lile tawi la Indiana yalikuwa karibu matupu alipoiingiza vani yake. Ilikuwapo vani nyingine moja tu, yenye namba za Michigan, nayo milango imebandikwa makaratasi. Vernon alidhani ni ya fundi wa kupaka rangi, akapita.

Ndani kulinuka zulia jipya. Buluu ilikuwa juu ya jukwaa, taa zikiimulika. Vernon aliichukia, na kilichomuuma zaidi ni kwamba ilikuwa nzuri kweli.

Meneja akamjia, mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani pamoja na kitambulisho: Denise Strickland.

"Karibu, mzee wangu. Unajichukulia mwenyewe?"

"Ya mjukuu. Mimi hata sijui dramu inaanzia wapi."

Huku anasema hayo, kidole chake kilikuwa kinagonga ukingoni mwa dramu ndogo, skrubu moja hadi nyingine, na sikio ameliinamisha kupima sauti. Denise alikitazama kile kidole.

Kwenye kaunta alichukua karatasi ya dhamana. "Niandike jina gani?"

"John Smith."

"Smith." Aliandika bila kuinua macho. "Mmekuwa wengi mwaka huu."

Vernon alijichekesha. Moyoni alikuwa anamwomba Mungu mama yule amalize upesi.

"Umewahi, lakini," Denise aliendelea. "Imebaki hii na nyingine moja. Tawi letu, na udogo wote huu, limeongoza nchi nzima kwa buluu. Hata makao makuu hawaelewi. Kiwanda nacho kimefurahi mpaka kimetuandikia: kuanzia Januari, rangi zote mpya zinakuja kwetu peke yetu. Maduka madogo yataachiwa nyeusi."

Vernon alishika kaunta kwa mikono miwili. Januari ilikuwa wiki saba tu mbele. Mwaka huu rangi moja, mwakani zote. Atamdanganya Alton mara ngapi? Hasira ikampanda, akasahau mjukuu, akasahau na Smith.

"Watu wana wazimu!" alifoka. "Rangi tu! Duka limekulea tangu mtoto, limekufundisha kushika vijiti, halafu unalitupa kwa ajili ya rangi! Hawana shukrani. Hawana haya. Wamekuja hapa kama nzi, wametuua!"

Denise aliweka kalamu chini. Hakukasirika. Alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyekwisha kuyasikia maneno hayo hayo mara nyingi.

"Watu gani, mzee wangu? Tangu mzigo wa kwanza, wanunuzi wangu ni ninyi wenye maduka. Mpiga dramu hata mmoja hajakanyaga hapa kuiulizia. Wote wanaulizia kwenu."